Uzi maalumu kwa walioacha pombe na unga: kuvuka joto la Desemba mpaka Machi bila kuteleza

Kaskazi_Kavu (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kaskazi imeshaanza kuvuma, Dar inagusa nyuzi 32 na usiku feni inapuliza moto. Uzi huu ni wa walioacha, hasa walio ndani ya miezi sita ya mwanzo, na wa wanaoishi nao nyumba moja. Ushuhuda una nyuzi zake humu jukwaani, zimejaa. Hapa tuweke utaratibu: nini kifanyike, saa ngapi, kiasi gani, na wapi huwa panaharibika.

Nianze na kitu kinachopuuzwa sana, kiu. Aliyezoea kukata kiu kwa bia ya baridi, ubongo wake umeshavifunga vitu hivyo viwili kamba moja. Koo likikauka saa tisa alasiri hasikii "nataka maji", anasikia "nataka moja baridi". Halafu upungufu wa maji wenyewe unaleta kichwa kuuma, mwili mzito na hasira za bure, dalili zilezile ambazo kwake zinaitwa hamu. Kwa hiyo kabla hujaanza kupigana na hamu, kunywa nusu lita ya maji, kaa kivulini dakika 20, ujipime upya. Ikishuka, ilikuwa kiu. Ikibaki ni hamu kweli, na hiyo ina njia zake.

Kwa anayefanya kazi juani (fundi ujenzi, bodaboda, mbeba mizigo): glasi moja ya mililita 250 kila dakika 15 hadi 20 wakati wa kazi, na isizidi lita moja na nusu kwa saa. Usisubiri koo likauke. Ukitoka jasho mpaka shati linabaki na chumvi nyeupe, maji matupu hayatoshi, tumia ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini: pakiti moja kwa lita moja kamili. Ya nyumbani ni vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji safi. Panapokosewa ni kwenye chumvi, mtu anamimina kwa jicho. Energy drink isiingie kwenye hesabu hii. Kafeini inapandisha mapigo ya moyo, mwili unahisi wasiwasi, na wasiwasi kwa mraibu ni mlango.

Karibuni muongeze nyama.

NesiWaZamu

Mkuu umeanza vizuri, ila niweke kizuizi kwenye hiyo ORS. Mwenye ini lililochoka mpaka tumbo linajaa maji au miguu inavimba, mwenye figo au moyo mbovu, asijipangie chumvi wala lita nyingi za maji bila daktari wake. Na kati ya walioacha pombe, watu wa aina hiyo ni wengi kuliko mnavyodhani.

La pili, na hili naomba lisomwe taratibu. Kila mwaka baada ya Boxing Day wanakuja watu walioamua "naacha leo" peke yao chumbani, baada ya kunywa mfululizo siku kumi. Aliyekuwa anakunywa kila siku na anatetemeka asubuhi mpaka azimue, huyo hakati ghafla nyumbani. Mpangilio wa hatari uko hivi: mikono kutetemeka, jasho, kutapika na wasiwasi huanza kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuweweseka, kuona wadudu ukutani, homa na mapigo ya moyo kupanda ni siku ya pili mpaka ya nne, na hapo mtu anaweza kufa akitibiwa kama "amechanganyikiwa" au "ana mashetani". Joto linazidisha kwa sababu mgonjwa anatapika na kutoka jasho huku halei chochote.

Hospitalini mgonjwa hupewa diazepam (valiamu) kwa ratiba inayopungua siku hadi siku, pamoja na thiamini, yaani vitamini B1. Thiamini itangulie au iende sambamba na dripu ya glukosi. Mwenye upungufu wa B1 akipigwa glukosi tupu, ubongo unaweza kuumia: macho yanayumba, anatembea kama mlevi, kumbukumbu inapotea. Ndugu unayempeleka mgonjwa, sema wazi mapokezi: "Anakunywa kila siku, glasi ya mwisho ilikuwa saa fulani." Ukificha ukasema malaria, atatibiwa malaria.

MchagaMtoro

Nakazia hapo kwa nesi.

Mimi niguse safari ya Desemba, maana humu wapo wengi wa kupanda Moshi. Hatari kubwa ni pale nyumbani kwenye kihamba (shamba la migomba la ukoo), kuliko baa. Mbege haihesabiwi kama pombe. Ni ndizi, ni ulezi, ni ukoo. Inanyweka kwa kata inayozunguka, kwa hiyo hata kiasi hakijulikani, na kuikataa mbele ya wazee kunaonekana kama kuukataa ukoo.

Usisubiri kata ikufikie ndipo uanze kujieleza. Wiki mbili kabla, piga simu kwa mtu mmoja mwenye sauti pale nyumbani, baba mdogo au shangazi mkubwa, umwambie: "Mwaka huu sinywi, naomba unisaidie kwa wazee." Yeye ndiye atakayesema, siyo wewe. Mzee akiambiwa na mzee mwenzake habishi. Kata ikizunguka unaipokea kwa mikono miwili, unampa anayefuata kwa heshima. Usiguse midomo "kwa adabu tu". Harufu na ladha vinatosha kuwasha kila kitu.

Jambo jingine, nenda na kreti yako ya soda. Chupa 24, nusu ya watoto, nusu yako na wasiokunywa. Aliyeleta kinywaji haulizwi kwa nini hanywi.

Safari yenyewe: kata tiketi ya kurudi siku ileile unayokata ya kwenda, maana mwishoni mwa Desemba viti vinakwisha na "nimekosa basi" inageuka siku nne za ziada kijijini bila kazi. Panga kufika mchana. Anayefika usiku anapokelewa na waliokwisha kulewa, na hapo hakuna wa kumkabidhi habari yako. Siku nne au tano zinatosha. Wiki mbili kwa mtu wa miezi mitatu ni nyingi mno.

mama_Kibubu

Hapo kwa kaka Mchaga, ongezeni na fedha. Desemba vikundi vinavunjwa, VICOBA wanagawana, michezo ya upatu inalipwa, mshahara nao unatoka mapema. Mtu anashika kwa siku moja fedha ambayo hajaishika mwaka mzima. Mkiongea na mwekahazina mapema, mgao wa mraibu unaweza kulipwa moja kwa moja: ada ya Januari shuleni, kodi kwa mwenye nyumba, kinachobaki kwa mke au dada. Fanyeni hivyo kabla ya tarehe 20. Na mwenyewe aombe hivyo kikaoni, asifanyiwe kama mtoto, vinginevyo atakopa kwa hasira.

Mfukoni abaki na nauli na chakula cha siku. Simu nayo ni mfuko, msisahau kile kitufe cha mkopo cha kwenye laini.

jogoo_la_shamba

Samahani wakuu, vipi hizi malt zisizo na kilevi? Ruksa au?

Kaskazi_Kavu

Soma lebo kwanza. Kuna zilizoandikwa 0.0 na kuna zenye kilevi mpaka asilimia 0.5. Kikemia hiyo 0.5 haimlewishi mtu. Shida ni chupa, povu na ule uchungu wa shayiri. Ukikaa baa na malt mkononi, mwili unafanya mazoezi ya kunywa bia. Kwa mtu wa miezi michache, ushauri wangu ni aache kabisa mpaka mwaka upite. Mwenye mwaka na zaidi aangalie: akimaliza malt anajisikia ameridhika au anajisikia kitu kimepungua? Ikiwa kimepungua, jibu analo.

Mbadala wa baridi uwe na ladha kali, kwa sababu ulimi wa mnywaji unatafuta ukali na uchungu zaidi ya utamu. Ukwaju ndio mfalme: robo kilo ya ukwaju, loweka kwenye maji ya moto lita moja kwa dakika 30, vuruga, chuja, ongeza nusu lita ya maji baridi, tangawizi mbichi ya kusaga kijiko kimoja cha chakula, chumvi kidole, sukari kidogo. Rozela nayo inafaa, mabungo pia. Weka kwenye chupa za nusu lita, panga kwenye friji sehemu ileile bia ilipokuwa inakaa. Mkono ukienda wenyewe saa kumi na mbili jioni, ukutane na kitu.

Tahadhari ya togwa: ya leo ni chakula. Iliyokaa siku mbili tatu kwenye joto hili ni kitu kingine.

Mtu_wa_Mvita

Ndugu zetu wa Bongo, huku Pwani ya Kenya Desemba ndiyo watu wa bara wanashuka, na mji mzima ni sherehe mpaka Januari. Nataja mawili.

Mnazi. Watu wanauziwa "mtamu, haujakolea" asubuhi. Utomvu wa mnazi huanza kuchachuka tangu unadondokea kwenye kitoma, chachu iko hewani na kwenye chombo chenyewe. Kwa joto la Desemba, kilicho kitamu saa mbili asubuhi ni pombe kamili kufika adhuhuri. Hakuna mnazi salama kwa aliyeacha. Kama ni mti uleule unaoutaka, kunywa dafu.

Pili ni muguka na miraa (mirungi). Mtu ameacha pombe, anaambiwa "tafuna kidogo upitishe siku". Inampitisha siku na usiku pia. Anakosa usingizi, hali chakula, kinywa kinakauka, na handasi (ule mchangamko wake) ikianza kushuka anatafuta kitu cha kuishusha. Kitu hicho huwa ni bia mbili, au vidonge vya usingizi vya duka la dawa. Wengi hurudi kwenye pombe kwa barabara hiyo na hawaioni, kwa sababu macho yao yalikuwa yameelekea chupa peke yake.

Binti_Darajani

Assalaam alaykum. Humu mnazungumza pombe tu, kwa upande wa Unguja na Dar kuna wenzetu wa unga walio kwenye methadoni (dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya heroini), na joto lina mambo yake kwao.

Kliniki zipo: Muhimbili ilifungua mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kuna Mbeya, Mwanza, Dodoma, na kwetu Unguja ipo Kidongo Chekundu. Dozi inanywewa mbele ya mhudumu kila siku. Sasa mambo yanayoharibika msimu huu.

Jasho. Methadoni yenyewe inaleta jasho, ni athari yake ya kawaida, na hali ya hewa inaongeza. Mgonjwa anaamka kalowa, anajiambia "joto limeunguza dozi, hii ni arosto" (mateso ya mwili kukosa unga), anakwenda kuongezea mtaani. Dozi haiungui kwa joto. Tofauti iangaliwe hivi: arosto inakuja na miayo isiyokwisha, mafua ya maji, vinyweleo kusimama, mboni kupanuka, tumbo kukata, tena inazidi kadiri saa ya dozi inavyokaribia. Jasho la joto halina miayo wala vinyweleo. Akiwa na zile za kwanza, aseme kliniki, dozi ipimwe upya.

Choo kigumu. Methadoni inafunga, upungufu wa maji unafunga zaidi. Maji, papai, mchicha, kutembea. Siku nne bila choo ni ya kumwambia mhudumu.

Safari. Ukitaka kwenda kwenu sikukuu, omba wiki mbili kabla uhamishiwe kliniki iliyo karibu na unakokwenda, na uende na barua inayoonyesha dozi na siku ya mwisho uliyokunywa. Usikubali dozi ya rafiki kwenye chupa ya maji. Na ukikosa siku tatu mfululizo, usidai dozi yako ya zamani. Mwili umeshapoteza ustahimilivu, ndiyo maana mhudumu anaipunguza. Watu wanaona wanaonewa. Dozi ya juzi kwa mwili wa leo inaweza kusimamisha pumzi.

Ramadhani. Mwaka 2026 inaangukia Februari na Machi, ndani ya joto lenyewe. Ulizeni kliniki mapema kama saa za dozi zitabadilika, na suala la mgonjwa kufunga mlizungumze na daktari na shekhe kwa pamoja, msikisie. Wale wanaoacha kwa ajili ya mwezi tu, hatari yao ni Idd. Mwezi mzima umeshusha ustahimilivu, kisha usiku wa sikukuu anatumia kiasi cha Shaaban.

NesiWaZamu

Binti_Darajani, ahsante kwa hilo la Idd. Niongezee la kufanya nyumbani ikitokea.

Mtu anakoroma kwa namna ya ajabu, kama anagugumia maji, haamki ukimsugua kwa nguvu kifuani, pumzi chini ya kumi kwa dakika, midomo imegeuka rangi, mboni kama ncha ya sindano. Usiseme "mwacheni alale". Ita msaada, mpulizie pumzi kama unajua, akipumua mwenyewe mlaze ubavu. Naloksoni (dawa inayotengua nguvu ya unga na methadoni) ikiwepo apewe, na hata akiamka apelekwe hospitali, kwa sababu naloksoni inaisha nguvu kabla ya methadoni na anaweza kuzama tena. Maji baridi kichwani, maziwa na sindano ya maji ya chumvi havina kazi, vinakula dakika.

Pombe na methadoni, au valiamu na methadoni, ndiyo mchanganyiko unaoua kimya. Kila kimoja peke yake kwa kiasi kidogo anaona anakimudu.

bwana_Short

Kwa sherehe za mjini mimi naona jibu rahisi: sema "niko kwenye dozi". Mwisho wa stori.

MchagaMtoro

Mkuu, hapo tupingane kidogo. "Niko kwenye dozi" linafuatiwa na "inaisha lini?" Ukisema Ijumaa, Jumamosi wanakuja na kreti. "Leo naendesha" nalo linaisha mtu akijitolea kuendesha. Kila sababu uliyoitoa ni kitasa, na mtaani hapakosi fundi wa kufungua vitasa.

"Sinywi, ahsante. Nipe tangawizi." Basi. Unaomba kitu kingine palepale, mwenyeji apate cha kufanya, maana mara nyingi anachokikimbia ni aibu ya kumwacha mgeni mkono mtupu. Wakirudi mara ya pili, rudia maneno yaleyale bila kuongeza. Mara ya tatu ni mtu mwenye shida yake, ondoka.

bwana_Short

Sawa, nimekuelewa. Ila kwa bosi bado ningesema dozi.

Kaskazi_Kavu

😂 Kwa bosi tukusamehe.

Mengine ya ukumbini. Kula kabla ya kutoka, chakula kizito cha protini (maharage, mayai, samaki), sukari ya damu ikishuka hamu hupanda. Fungua soda yako mwenyewe. Ukiiacha mezani ukaenda kucheza, usiirudie, chukua nyingine. Mchezo wa kumwagia mtu kikali kwenye soda "ili achangamke" upo na unajulikana. Kaa meza ya wazazi na watoto, siyo ya kamati. Panga saa ya kuondoka kabla hujaingia, na aliyekupeleka aijue. Harusi zetu chakula kinatoka saa nne usiku, ukishakula na kutoa zawadi umemaliza wajibu. Baada ya hapo ni muziki na chupa.

Wale wanaosema "nitachukua kidogo tu" wafanye hesabu: chupa ndogo ya mililita 200 ya kikali cha asilimia 35 ina mililita 70 za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25. Kile kichupa kinachoingia mfuko wa shati ni karibu bia tatu. Viroba (pombe kali ya vipakiti vya plastiki) vilipigwa marufuku Machi 2017, ila ukubwa wa mfuko wa shati haukubadilika.

usiku_mrefu

Usingizi je? Mwezi wa pili huu, chumba cha bati, saa nane usiku macho kodo.

NesiWaZamu

Ndugu, usingizi mbovu baada ya kuacha pombe unaweza kuendelea wiki nyingi, hata miezi, usione ni ajabu. Bati linaongeza kwa sababu mwili unahitaji kupoa ndipo ulale.

Chai ya rangi na kahawa mwisho saa nane mchana. Oga saa moja kabla ya kulala, maji ya kawaida. Ya barafu yanaufanya mwili ujikunje na kutunza joto. Loweka kanga, ikamue, jifunike kifuani au itundike mbele ya feni. Umeme ukikatika, shusha godoro sakafuni na ufungue pande mbili hewa ipite, chandarua kibaki. Dari likiwa halipo, hata maboksi au mkeka uliotandazwa chini ya bati hupunguza mionzi. Usiyaegemeze kwenye nyaya.

Ukikaa macho dakika 20, toka kitandani, kaa gizani nje ya chumba, rudi usingizi ukija. Amka saa ileile hata kama umelala saa tatu tu. Kulala mchana kusizidi nusu saa.

Vidonge usijinunulie. Diazepam "ya kulalia" kwa mraibu wa pombe ni kuhama chumba ndani ya nyumba ileile.

Baridi_Kali

Salaam kutoka Minnesota. Huku kiangazi ni Juni hadi Agosti, na mambo ni tofauti kidogo kwa Waswahili wenzangu wa huku. Jua la Juni linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo ile "jioni ngumu" inarefuka mara mbili. Ukizoea kujiambia "nikivuka mpaka giza nimeshinda siku", kiangazi giza haliji. Gawa siku kwa saa, usiipime kwa mwanga.

Msimu wa nyama choma unaanza Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, unaishia Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na Julai 4 katikati. Kasha la barafu ni moja kwa wote, na siku hizi kuna makopo ya maji ya gesi yenye matunda, yamechorwa kama soda kabisa, ndani ni asilimia 5. Mtu anazama mkono kwenye barafu anatoa bila kuangalia. Nenda na kasha lako dogo, na usome kopo kabla ya kulifungua.

Mtu_wa_Mvita

Fukweni nako kuna saa zake. Bahari ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa tatu ni ya waogeleaji na wazee wa mazoezi. Kuanzia saa tisa alasiri Jumapili ni bahari nyingine, spika na makasha ya bia. Usiache bahari, hama saa. Kwa anayetaka usiku wa nje bila baa, ndugu wa Unguja wana bustani ya Forodhani: juisi ya miwa, urojo, upepo.

Binti_Darajani

Karibu, ila njoo na pesa ndogondogo 😄

jogoo_la_shamba

Na aliyeteleza tayari? Yaani jana, tarehe 26. Anasubiri tarehe 1 aanze upya na mwaka.

Kaskazi_Kavu

Hiyo "tarehe 1" ndiyo inayoua, zaidi ya bia za jana. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechambua namna watu wanavyorudia, alionyesha kwamba kinachogeuza kuteleza kuwa anguko ni hukumu mtu anayojipa baadaye: "nimeshaharibu, acha niharibu vizuri." Siku tano za ruhusa zinaweza kurudisha mwili kwenye utegemezi.

Leo hii: kilichobaki kimwagwe, na amwage mtu mwingine. Ampigie sponsa (mlezi wake wa kikundi cha walioacha) au mtu mmoja wa familia, aseme kiasi na saa bila kupunguza. Aende kikaoni leo. Kama mjini kwake hakuna vikao vya AA (walioacha pombe) wala NA (walioacha dawa za kulevya), vipo vya mtandaoni kila saa. Ale, anywe maji, alale kwa mtu, asilale peke yake. Akiwa na methadoni aende kliniki na aseme ukweli. Akinuka pombe dozi inaweza kusogezwa mpaka apungue, na hiyo siyo adhabu.

Kama ilikuwa usiku mmoja, atasikia vibaya siku moja au mbili. Kama ilikuwa siku kadhaa mfululizo na asubuhi anatetemeka, arudi kusoma posti ya nesi hapo juu, huyo ni wa hospitali.

Wimbi la hamu lenyewe kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya nusu saa kama halikulishwa. Weka kengele ya simu dakika 30, toka ulipo, fanya kitu cha mikono. Kufua ni kuzuri kuliko inavyosikika: maji baridi, kazi, na kuna mwisho.

mama_Kibubu

Swali kwa nesi. Kijana wetu amepewa disulfiramu, kile kidonge cha kumzuia kunywa pombe, miligramu 250 kwa siku. Achari ya siki, keki ya Krismasi, dawa ya kikohozi, vipi?

NesiWaZamu

Mama, swali zuri sana. Dawa hiyo inazuia mwili kumalizia kuvunja kilevi, sumu inajaa: uso unawaka, kichwa kinagonga, kutapika, kifua kubana, presha kushuka. Haianzwi kabla ya saa 12 kupita tangu pombe ya mwisho, na akishaiacha bado inaweza kumshika mpaka siku 14. Kwa hiyo ile akili ya "naruka kidonge leo, kesho ninywe" mfuteni kabisa.

Dawa za kikohozi za maji nyingi zina kilevi, muulize mfamasia akusomee, kuna zisizo nacho. Dawa ya kusukutua kinywa vilevile. Metronidazole (dawa ya amiba na bakteria) asipewe pamoja nayo, amwambie kila daktari. Sanitaiza apake kidogo penye hewa, au atumie sabuni.

Achari ya siki aiache, mtengenezee ya ndimu na chumvi. Kachumbari ya ndimu haina neno. Keki yenye matunda yaliyolowekwa kwenye ramu, hapana, hata kipande. Na nyama iliyolowekwa bia msidanganyike kwamba moto umemaliza: kwa majedwali ya wizara ya kilimo ya Marekani, chakula kilichochemka dakika 15 bado kina kama asilimia 40 ya kilevi, saa nzima asilimia 25, saa mbili na nusu asilimia 5. Mishikaki ya dakika kumi jikoni fanyeni hesabu wenyewe. Yake ikatwe na kulowekwa mapema kwenye bakuli lake, papai bichi na tangawizi, na ichomwe kwanza kabla wavu haujapakwa za wengine.

Apimwe ini kabla na baada ya wiki chache za mwanzo. Macho yakiwa ya njano au mkojo mweusi kama soda, aache kidonge na aje siku hiyohiyo.

mama_Kibubu

Nimeandika kwenye karatasi, nabandika mlangoni mwa friji. Mishikaki nitakata mwenyewe.